Makali Kwanza, Umeme Baadaye: Vifaa vya Kuziba Meno kwa Anayekwenda Bendera

Ukipangiwa kazi ya meno Bendera, mashariki mwa Kongo, jiulize jambo moja kabla hujafunga sanduku: umeme ukikatika mgonjwa akiwa ameachama, mkononi nitabaki na nini? Watakuwepo wa kukucheka. Watasema Bendera ndiko kwenye kituo cha umeme cha mto Kyimbi, kilichojengwa zama za Wabelgiji, kinacholisha mji wa Kalemie. Ndicho kilicholindwa na ngome ambayo watu wa Che Guevara waliishambulia Juni 1965 wakashindwa kuiteka. Yote kweli. Ila mashine ya meno haili umeme tu. Turbini ya kuchimbia meno inataka hewa ya kompresa, kompresa inataka umeme usioyumba, kishikio kinataka mafuta yake, freza zinakwisha makali na kununuliwa upya, na fundi hutampata karibu zaidi ya Kalemie, zaidi ya kilomita 100 za barabara ambayo masika huiamulia ipitike au isipitike. Kikiharibika kiungo kimoja tu katika mnyororo huo, mashine nzima inakuwa pambo.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: nunua vifaa vya mkono kwanza, jifunze kuvinoa mpaka uvijue, kisha ndipo ufikirie injini. Usiuchukue kama ushauri wa kimaskini. Mbinu ya kusafisha jino kwa vifaa vya mkono pekee na kuliziba kwa simenti inayoshika yenyewe ilianzia ng'ambo ya Ziwa Tanganyika hili hili, nchini Tanzania, katikati ya miaka ya 1980, Jo Frencken na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipokuwa wakitafuta namna ya kutibu meno vijijini. Baadaye ilipimwa Thailand kuanzia 1991 na Zimbabwe kuanzia 1993, na tarehe 7 Aprili 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa ulimwengu. Wenye fani wanaiita ART. Waliosoma Ulaya wakati ule waliiona kama kazi ya kubahatisha. Leo hospitali kubwa huitumia kwa watoto wanaoogopa mlio wa mashine.

Neno moja kabla hatujafungua sanduku. Mwongozo huu ni wa aliyekwisha kufundishwa kutibu meno, awe daktari wa meno, fundi sanifu au muuguzi aliyepewa mafunzo na kibali. Kama hujafundishwa, usome ili ujue cha kudai unapokuwa mgonjwa.

Seti moja ya mkono ina vitu vichache kuliko unavyodhani: kioo cha kinywani, sonda, kibano, kishoka, vijiko vitatu vya kuchokolea ambavyo midomo yake ni milimita 1, 1.5 na 2 hivi, kifaa chenye ncha mbili cha kupakia na kuchonga simenti, spatula, na kibao cha kioo au karatasi ngumu ya kukorogea. Ongeza viringo vya pamba, ukanda mwembamba wa plastiki, kabari ndogo za mti na vaselini. Basi. Vyote vinaingia kwenye kisanduku cha inoksi kinachobebeka juu ya pikipiki.

Kioo kina kazi tatu: kuonyesha, kurudishia mwanga wa taa yako kwenye meno ya juu, na kuzuia shavu na ulimi. Kikikwaruzika, kitupe. Sonda wengi huitumia vibaya. Si ya kuchomachoma vijishimo ili uone kama itanasa. Ukifanya hivyo unaweza kuvunja enameli iliyolegea ambayo ingepona kwa floridi na usafi. Itumie kuondoa uchafu na kupapasa ugumu wa sakafu ya tundu, kwa uzito wa kidole na si zaidi. Kishoka ndicho mfunguzi wa mlango: unaingiza pembe ya bapa lake kwenye tundu, unazungusha kulia na kushoto, na enameli nyembamba isiyo na dentini chini yake inavunjika vipande vidogo. Ukishapata nafasi ya kijiko cha milimita 1, mlango umefunguka.

Kwenye mpini wa vifaa vya kukatia utakuta namba, kwa mfano 10-7-14. Huo ni utaratibu wa Greene Vardiman Black, Mmarekani aliyefariki 1915, ambaye mpaka leo tunafuata mgawanyo wake wa matundu katika madaraja. Namba ya kwanza ni upana wa bapa kwa sehemu za kumi za milimita, kwa hiyo 10 ni milimita 1. Ya pili ni urefu wa bapa kwa milimita. Ya tatu ni pembe kati ya bapa na mpini, ila duara zima linahesabiwa sehemu 100 badala ya digrii 360; 14 ni digrii 50 na kidogo. Zikiwa namba nne, ile iliyoingia nafasi ya pili ni pembe ya ukingo wenyewe. Ziandike kwenye daftari. Siku ya kuagiza kwa simu, muuzaji wa Lubumbashi anayekujibu kwa Kifaransa na yule wa Kigoma mwenye katalogi ya Kiingereza watakutana kwenye namba hizo.

Sasa mkao. Kiti cha umeme si lazima. Meza imara yenye godoro jembamba inatosha, mgonjwa alale chali kichwa kikiwa mwisho wa meza juu ya mto mgumu, wewe ukae nyuma ya kichwa chake, mgongo wima. Taa ya kichwani yenye betri ina faida kuliko taa kubwa ya kusimama, maana inafuata macho yako. Shika kifaa kama kalamu, kwa vidole vitatu, na kidole cha pete kiegemee jino la jirani. Bila egemeo hilo usikate kitu: mama akikohoa au mtoto akigeuza kichwa, kifaa kitaingia kwenye ufizi.

Kuchimba kuna mpangilio, na anayeukiuka ndiye anayetoboa kiini cha jino. Anza pembezoni, pale enameli na dentini zinapokutana, kwa kijiko kidogo. Zungusha kijiko kama mtu anayechota, usikwangue kwa ncha. Pembezoni pote pawe safi na pagumu kabla hujaigusa sakafu, kwa sababu simenti itashika kwenye kingo hizo. Ukiacha ulaini pale, jino litaendelea kuoza chini ya kiraka na mgonjwa atasema dawa yako ni mbaya. Ukifika sakafuni badilisha, chukua kijiko kikubwa, ambacho mdomo wake mpana hautoboi kirahisi. Ondoa kinachotoka kwa vipande laini na vyenye maji. Kile kilichobadilika rangi lakini kinakataa kijiko, hasa karibu na kiini, kiache. Rangi si kipimo, ugumu ndio kipimo. Hapa vifaa vya mkono vinaishinda mashine: kijiko kinakwambia kupitia vidole kwamba umefika kwenye dentini nzima, ilhali freza hukata laini na ngumu bila kuuliza.

Simenti ya glasi ionoma ina masharti yake, na joto la huku linayakaza. Kijiko kimoja cha unga kilichosawazishwa kwa tone moja la maji yake, kama kiwanda hakikusema vingine. Koroga kwa nusu dakika au pungufu, na ipakie ingali inang'aa. Ikishapoteza mng'ao haishiki tena, korogea nyingine. Mchana wa joto muda wako unapungua, hivyo kiweke kibao cha kioo mahali pa baridi kabla, ukikaushe vizuri, na chupa ya unga uifunge mara tu unapochota maana unga hunywa unyevu. Kabla ya kupakia, pangusa tundu kwa kimiminika chake cha kusafishia kwa sekunde 10 hadi 15, osha, kausha kwa pamba bila kulikausha jino kabisa. Jaza kidogo kupita kiasi, paka vaselini kwenye kidole chenye glovu, bana kwa nusu dakika, kisha chonga ziada. Mgonjwa asile kwa saa moja. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza simenti hii katika orodha yake ya dawa muhimu, hoja nzuri ya kumpelekea mkubwa wako unapodai bajeti.

Kazi hii inadumu kiasi gani? Katika uchambuzi wa tafiti nyingi uliotoka 2012, matundu ya upande mmoja kwenye meno ya utotoni yalikuwa yameshikilia kiraka kwa asilimia 93 baada ya miaka miwili. Ya pande mbili au zaidi asilimia 62 tu. Meno ya ukubwani, tundu la upande mmoja, asilimia 80 baada ya miaka mitano. Nazitaja ili ujue wapi pa kujiamini na wapi pa kumwambia mgonjwa ukweli mapema. Jino lililoliwa katikati na ubavuni linataka ukanda na kabari zilizobanwa sawasawa, na hata hivyo mwambie arudi ukaangalie.

Yote niliyosema hayana maana kifaa kikiwa butu. Kifaa butu kinakufanya ukandamize, ukikandamiza kinateleza au kinamuumiza mtu, naye huyo habari yake itafika soko zima kabla ya jua kutua. Kipime kwenye ukucha wa dole gumba: weka ukingo na ujaribu kuuburuta bila nguvu. Ukinasa, ni mkali. Ukiteleza, kinoe leo, usingoje kesho.

Kinoo cha kunolea panga hakifai, chembe zake ni kubwa na kitakula bapa lote kwa mwezi. Tafuta jiwe laini la Arkansas, bapa, dogo kama sabuni ya kipande. Liweke juu ya meza isiyotikisika, dondosha mafuta mepesi. Kwa kishoka na kwa ncha ya kuchongea, laza mteremko wa makali uguse jiwe wote sawasawa, kisha sukuma na kuvuta kwa mwendo mfupi bila kubadilisha pembe. Ukiyumbisha mkono utazalisha ukingo wa mviringo usiokata. Kijiko kinanolewa kwa mgongo: mgongo wake wa duara unakaa juu ya jiwe, unaviringisha kutoka katikati kuelekea ukingoni, upande huu na ule, mpaka ukingo wote umepita. Ukimaliza, futa mafuta. Mpangilio wa siku ni kuosha, kunoa, kuosha tena, kisha kuua vijidudu. Anayenoa kifaa kichafu anajitafutia jeraha lenye damu ya mtu mwingine. Vile vifaa vya bei rahisi vilivyopakwa kromu juu usivinunue. Mnoo wa kwanza unavua ngozi, wa pili unaleta kutu.

Kwenye usafi sina mjadala. Kuchemsha kwa sufuria hakutoshi. Unahitaji otoklevu au, ukiikosa, sufuria ya presha inayofunga vizuri, iliyo juu ya mbabula yenye makala ya kutosha. Osha kwa sabuni na brashi ukiwa na glovu nene, panga vifaa visilaliane, weka maji yasiyofunika vifaa, na hesabu dakika 15 kuanzia mvuke unapopiga kwa nguvu, si kuanzia ulipoweka motoni. Otoklevu hufanya kazi kwa nyuzi 121 kwa dakika 15 kwa uchache, au 134 kwa muda mfupi zaidi. Usiviache vifaa usiku kucha ndani ya maji ya klorini, yatavila. Kausha kabisa kabla ya kufunga kisanduku. Na kwa kuwa sufuria moja inachukua karibu saa nzima pamoja na kupoa, seti mbili hazikutoshi. Chini ya tano utajikuta unashawishika kupangusa kwa spiriti na kuendelea. Ushawishi huo ndio unaosambaza homa ya ini.

Twende kwenye mashine. Mwaka 1871 Mmarekani James Morrison alipata hataza ya injini ya meno ya kukanyaga kwa mguu kama cherehani. Mwaka 1957 John Borden akaleta turbini ya hewa iliyozunguka karibu mara 300,000 kwa dakika. Turbini za leo ziko hapo au juu kidogo, na zinakunywa hewa, lita 40 hivi kila dakika. Wapo wanaounganisha turbini na kompresa ya kujazia matairi. Usifanye hivyo. Kompresa ile inatoa hewa yenye mafuta, na mafuta yakifika kwenye jino kompoziti haishiki. Nunua isiyotumia mafuta, na kila jioni fungua koki ya chini umwage maji, kwa sababu hewa ya huku ina unyevu mwingi na maji hayo ndiyo yanayoua bearingi za turbini.

Ila kwa Bendera mimi nisingeanza na turbini. Ningenunua mikromota ya umeme, ambayo haitaki kompresa. Kasi yake ni mpaka mizunguko 40,000 kwa dakika, na kasi ya freza inategemea kishikio unachokivisha. Tazama pete iliyozunguka shingo yake: buluu ni kasi ile ile, kijani inapunguza, nyekundu inaongeza, mara nyingi mara tano. Ukiwa na kishikio cha buluu na cha nyekundu, mashine moja ndogo inakufanyia kazi ya taratibu karibu na kiini na kazi ya haraka kwenye enameli. Mzigo wake kwa betri na paneli ya jua ni mdogo kuliko wa kompresa, ambayo inapowaka tu huvuta umeme kwa kishindo. Weka kidhibiti cha umeme kabla yake, hata kama jirani hana.

Freza zichague kwa shina kwanza, ndipo umbo. Shina la milimita 1.6, laini, huingia kwenye turbini na kishikio cha pete nyekundu. Lenye mkato na unene wa milimita 2.35 huingia kwenye kishikio cha pete ya buluu. Ukikosea hapo, shehena nzima uliyoingoja haitaingia popote. Kichwa kinahesabiwa kwa sehemu za kumi za milimita: 010 ni milimita 1. Almasi ni ya enameli, na pete yake inakwambia ukali wa chembe: nyeusi na kijani ni za kukwaruza sana, buluu ya wastani, nyekundu na njano za kulainishia. Tangsteni kabaidi inakata chuma na kuondoa amalgamu kuukuu. Chuma cha kawaida chenye kichwa cha mviringo, kwa mwendo wa taratibu, ni cha dentini iliyooza. Kwa mwaka wa kwanza nisingebeba zaidi ya maumbo manne: mviringo, peasi, silinda inayochongoka, na mwali mwembamba wa kulainishia. Zilizobaki huzeeka kwenye droo.

Freza inayozunguka kasi bila maji inapika jino. Mwaka 1965 watafiti Zach na Cohen walionyesha kwa nyani kwamba kiini kikipanda joto kwa nyuzi 5.5 tu, asilimia 15 ya viini haviponi. Kwa hiyo maji yapige kwenye ncha ya freza wakati wote. Kama mashine yako haina bomba lake, msaidizi na bomba la sindano lenye maji safi wanatosha kwa kazi fupi. Gusa na uachie, gusa na uachie. Ukisikia mlio wa turbini unashuka, unakandamiza. Maji hayo hurusha ukungu unaobeba mate na damu ya mgonjwa hadi usoni kwako, nchi yenye kifua kikuu kama hii; barakoa, miwani na dirisha wazi si hiari. Kijiko cha mkono hakirushi kitu.

Baada ya kila mgonjwa acha maji yapite nusu dakika, toa freza, futa kishikio, kitie mafuta yake maalumu kutoka kwenye kopo la kupulizia, kizungushe kidogo kimwage ziada, ndipo kiingie otoklevu. Mafuta ya cherehani si mbadala. Freza haziponi kwa kunolewa. Ikianza kutoa joto au mtetemo, itupe kwenye kopo la vitu vyenye ncha.

Utahitaji mashine lini hasa? Tundu ambalo mlango wake ni mdogo na enameli ngumu inakataa kishoka. Kiraka cha zamani cha amalgamu, ambacho utakitoa kwa maji mengi na kufyonza, mabaki uyahifadhi kwenye chupa yenye kizibo maana yana zebaki. Mkataba wa Minamata wa 2013 unazitaka nchi zipunguze matumizi yake. Kulainisha kompoziti. Kufungua kiini kwa tiba ya mizizi, kama umefundishwa. Nje ya hapo, fungua kwa mashine ukitaka, lakini umalizie kwa kijiko.

Na kuna meno ambayo hayahusiani na kifaa chochote ulichobeba: kiini kimefunuka, kuna uvimbe au usaha kwenye ufizi, au maumivu yanayomwamsha mtu usiku. Hapo weka chini kijiko, usizibe. Mwandikie barua ya rufaa ya Kalemie yenye namba ya jino kwa mfumo wa tarakimu mbili (36 ni gego la kwanza la chini kushoto), ulichokiona, dawa uliyompa na saa uliyompa. Akiwa amevimba chini ya taya, hawezi kumeza, au anatoka mate kwa kushindwa kufunga kinywa, usimwambie asubiri gari la kesho. Mtafutie pikipiki usiku huo huo, na apande na mtu wa kumshika.